Safari ya Unguja huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Barua za safari za shule hapa Amu, yaani Lamu, zina mtindo mmoja. Juu kuna nembo ya shule, chini yake salamu, halafu kiasi cha pesa kwa wino mzito na tarehe ya mwisho ya kulipa iliyopigiwa mstari. Mwisho kabisa, kwa herufi za kawaida, huja sentensi moja: mzazi ahakikishe mtoto ana stakabadhi zote za kusafiria. Barua ikishafika nyumbani, kundi la WhatsApp la wazazi halilali. Anayeona ni anasa atasema lake, anayehofia watoto kuharibika atasema lake, na siku hizi hakosekani wa kuwatuliza wenzake kuhusu ile sentensi ya mwisho: karatasi si tabu tena, msasa umeondolewa.

Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike. Ni kweli kwamba Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa msasa, yaani ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa kitambulisho, na Amu tulikuwa na haki ya kushangilia. Watu wazima wenye mababu saba waliozikwa hapa hapa walikuwa wakiulizwa wao ni akina nani. Lakini tangazo lile lilihusu kitambulisho cha mtu mzima. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 au ya 9 ana miaka 14 au 15, na kitambulisho si chake mpaka atimize 18. Kinachomvusha mpaka au kumrudisha nyumbani ni cheti cha kuzaliwa, na nyuma ya cheti kuna mlolongo ambao haumalizwi kwa tangazo. Ninavyoona mimi, safari ya wanafunzi nje ya nchi haiamuliwi na pesa kama tunavyobishana. Huamuliwa na miezi ya matayarisho ambayo barua haiitaji, na shule inayochelewa kuanza huwa imekwisha kuchagua, bila hata kukusudia, mtoto wa nani aende na wa nani abaki.

Kwa sheria ya Kenya, mtoto anatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi 6 tangu kuzaliwa. Muda huo ukipita, huandikishwa kwa kuchelewa, na masharti huongezeka. Aliyezaliwa hospitalini hujaziwa karatasi wodini kabla mama hajaruhusiwa kuondoka. Aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, habari yake sharti ipitie kwa naibu wa chifu, na hapo ndipo mambo hulala. Mama wa kijiji kama Kizingitini au Kiunga aliyejifungua alfajiri, mtoto mzima, yeye mzima, hana sababu ya kukimbilia ofisi. Sababu humfika miaka kadhaa baadaye shule ikidai namba ya cheti. Akienda kuandikisha huulizwa kitambulisho chake na cha baba wa mtoto. Kama baba hakuwahi kukipata, kwa ajili ya ule msasa, basi kazi inarudi nyuma hatua nzima. Hapa ndipo tangazo la 2025 linapofaa hasa. Limefungua mlango wa kwanza kati ya mitatu: mzazi apate kitambulisho, ndipo mtoto apate cheti, ndipo iombwe hati ya kusafiria. Kila mlango una foleni yake. Anayewaambia wazazi kwamba karatasi si tabu tena ameuona mlango wa kwanza uko wazi, akadhani amekwisha ingia ndani.

Mlango wa tatu nao una mambo yake. Pasipoti ya kurasa 34 imekuwa shilingi 7,500 tangu Machi 2024. Kwa kundi la watoto 40 hizo ni shilingi 300,000 kabla mtu hajanunua hata tiketi ya basi. Ombi lenyewe hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini mtoto sharti afike mbele ya afisa kwa miguu yake, na kwa anayetoka Kiunga hiyo ni safari kabla ya safari. Huambatishwa cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na idhini yao. Idhini hiyo kwa wengi wetu si jambo la dakika tano. Baba yuko Jedda, simu yake inapatikana Ijumaa tu. Au wazazi wameachana na hawasemezani. Au mtoto analelewa na bibi ambaye hana karatasi yoyote inayomtaja kuwa mlezi. Zipo pia hati za muda za kusafiria ndani ya Afrika Mashariki, nafuu kuliko pasipoti, na shule nyingi huzitegemea. Nafuu yake ni ya bei tu. Uliza watakachotaka kuona kabla ya kuitoa, utarudi kwenye cheti kile kile.

Na cheti chenyewe, hata kikiwapo, hakitoshi kuwapo. Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa walimu waliosindikiza kundi la wanafunzi kwenda Tanzania. Mpakani, afisa aliyekuwa akilinganisha orodha yetu na hati za watoto alisita kwenye jina la binti mmoja. Orodha ya shule ilisema Aisha Omar. Hati ilisema Mwanaesha Omari Athmani. Kwetu hapa hakuna fumbo: Mwanaesha ni Esha, Esha ni Aisha, na bibi yake humwita Mwana basi. Kwa afisa, na kwa barua ya idhini iliyokuwa na jina la orodha, hawa walikuwa watu wawili. Yeye hakukosea. Tulikosea sisi tuliotoa majina kwenye rejista ya darasa bila kukaa hata saa moja kuyalinganisha na vyeti. Binti alirudishwa Mombasa na mwalimu mmoja. Alikuwa amebeba kijaluba cha halua ya kumpelekea shangazi yake Unguja, na kabla hajashuka akampa rafiki yake aliyekaa siti ya nyuma. Halua ilivuka.

Ninayataja haya kwa sababu dawa yake si ghali wala si ya kitaalamu. Mfumo wa NEMIS uliokuwa ukitumiwa kusajili wanafunzi ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo mwalimu mkuu yeyote anaweza kufungua faili zake leo na kujua nani hana cheti, nani ana cheti chenye jina lisilofanana na la rejista, nani ana mzazi mmoja tu kwenye karatasi. Orodha hiyo ingepatikana mwezi Januari kwa safari ya Novemba, mtoto wa Kizingitini angekuwa na miezi kumi ya kuandikishwa kwa kuchelewa, kurekebishiwa jina na kusubiri foleni. Ikitafutwa Septemba, hana. Wote wawili wanasoma darasa moja, wote wawili wazazi wao wamelipa. Aliyezaliwa hospitali ya mjini anakwenda, aliyezaliwa kwa mkunga anabaki. Hakuna aliyewabagua, na bado wamebaguliwa.

Kuna na chanjo ya homa ya manjano, ambayo huwaponyoka hata walimu wazoefu. Tanzania hudai cheti cha chanjo hiyo kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, na Zanzibar hukikagua. Watoto wetu wa pwani hawakuipata utotoni, maana chanjo hiyo kwa watoto wachanga imekuwa ikitolewa katika kaunti chache tu za Bonde la Ufa. Inatolewa kwenye vituo vilivyoidhinishwa, si kila zahanati, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Mtoto aliyedungwa Jumatatu kwa safari ya Alhamisi ana kadi ya manjano nzuri isiyofaa kitu. Akingoja siku zake, haimtoki tena. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hutambuliwa kwa maisha yote.

Sasa nije kwa wanaopinga safari zenyewe, kwani baadhi yao wana hoja. Wa kwanza ni wa pesa. Sitamdharau mtu anayeuliza kwa nini alipe maelfu mtoto akaone bahari na nyumba za mawe, vitu alivyovizoea kwao. Ila nadhani malalamiko mengi ya pesa ni malalamiko ya tarehe. Shule hupenda likizo ya Agosti, basi malipo hudaiwa Juni na Julai. Hiyo ndiyo kusi kali, upepo wa kusini, bahari imechafuka, mashua zimefungwa, na mvuvi wa Pate anakopa sukari dukani. Mtu huyo huyo ukimwendea Januari au Februari, kaskazi imetulia na samaki wapo, atakupa sehemu yake bila maneno. Babu zetu walijua. Majahazi ya kwenda Unguja yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi, na nahodha hakulazimisha msimu. Shule ingechagua Novemba, wakati wa matlai, pepo zikiwa zimepoa, na kuanza kukusanya mapema mwaka, nusu ya ubishi ungeyeyuka. Na watoto wasingevuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika mawimbi ya Agosti wakitapika kwenye mifuko. Tena sehemu ya gharama haifi na safari. Cheti cha kuzaliwa kitamfaa mtoto kwenye mtihani, kwenye kitambulisho akifika 18, na kila mahali atakapoulizwa yeye ni nani. Hilo peke yake, kwa kaunti hii, lingetosha kuwa sababu ya safari.

Wa pili ni mzazi wa malezi, hasa mzazi wa binti. Huyu hudhihakiwa kwenye makundi kwamba amepitwa na wakati, nami naona ndiye anayeuliza maswali yaliyo sawa. Watalala wapi? Chumba kimoja wangapi? Mwalimu wa kike ni nani, na je, atakuwa kwenye jengo hilo hilo au hoteli ya pili? Usiku nani ana ufunguo? Mtoto akiingia hedhi ghafla ndani ya boti amwambie nani? Shule ikishindwa kuyajibu kwa maandishi, mzazi ana haki ya kumzuia bintiye, na asionewe haya. Nimesikia walimu wakisema kwamba Unguja ni kwa Waislamu wenzetu, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Jibu hilo halijibu lolote. Unguja ni kisiwa cha utalii, kina ufuo wa starehe kama ulivyo ule wa Shela hapa kwetu, na watoto ni watoto popote. Maswali ya mzazi huyu yajibiwe ndani ya barua ya kwanza, kabla ya kiasi cha pesa kutajwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ambayo watu hawaioni kuwa hoja, kwa sababu husemwa kwa tabasamu: Unguja si ng'ambo, Unguja ni kwetu. Lugha moja, dini moja, biriani moja, nusu ya mji una ndugu Malindi ya Unguja au Ng'ambo ya Unguja. Kwa hiyo matayarisho ya nini? Wapo hata wanaodai kitambulisho kinatosha kwa kuwa Afrika Mashariki ni moja. Hawa wamechanganya: makubaliano ya kusafiri kwa kitambulisho yaliyoanza Januari 2014 yalikuwa ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haikuwamo. Na mtu akishavuka bara, akifika bandari ya Unguja hukaguliwa tena, hata kama ni ndani ya Muungano.

Lakini kosa la hoja hii ni kubwa kuliko karatasi. Inamnyima mtoto swali bora ambalo safari hii inaweza kumpa, yaani kwa nini Unguja, ambayo ni kwetu, imekuwa nchi nyingine. Mpaka huo una umri mdogo kuliko bibi zao. Mpaka Desemba 1963 ukanda wa maili kumi wa pwani, Amu ikiwemo, ulihesabiwa kwa jina kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza pamoja na koloni la Kenya. Oktoba 1963 yalitiwa saini makubaliano ya kuuacha ukanda huo uwe wa Kenya. Mwezi mmoja baada ya uhuru wa Zanzibar yakaja mapinduzi ya 12 Januari 1964, na Aprili mwaka huo Muungano na Tanganyika. Ndani ya miezi saba watu wa ukoo mmoja wakajikuta na bendera mbili. Mtoto aliyeyasoma haya kabla ya kuondoka, akamhoji na bibi yake aliyekuwa hai wakati ule, ataliona dirisha la uhamiaji kwa jicho jingine kabisa. Asiyeyasoma ataona foleni.

Hata hiyo lugha moja inataka maneno kabla ya kuondoka. Watoto wetu nyumbani husema mai, moya, kuya kwa maji, moja, kuja, na wakitamka hivyo mbele ya wenyeji wao wa Unguja watachekwa, japo kwa upendo. Mtoto asiyeambiwa kitu atakunja midomo siku tano nzima akidhani Kiswahili chake kibovu. Aliyeandaliwa atajua kwamba Kiamu ni lugha ya tenzi tangu zamani, na kwamba Kiswahili sanifu kilisimamishwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1920, si kwa sababu kilikuwa safi kuliko cha wengine. Atacheka nao, kisha atawasomea ubeti.

Kuna mahali pawili Unguja ambapo nisingempeleka mwanafunzi bila kumwandaa. Pa kwanza ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 na kuporomoka upande mmoja 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Mji Mkongwe wa Unguja uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Mji wa Kale wa Amu mwaka 2001. Ni ndugu wa kufuatana, na maradhi yao ni mamoja: chumvi, mvua inayopenya kwenye dari za boriti, saruji iliyopakwa juu ya chokaa, nyumba zilizoachwa na wenyewe. Ningewataka watoto, mwezi mmoja kabla, wazunguke mitaa ya Mkomani hapa Amu na daftari, wahesabu nyumba zilizoinama, waongee na fundi mmoja wa chokaa. Wakifika mbele ya jumba lile wawe na la kuuliza. Bila hivyo watapiga picha, na picha wangeweza kuitazama kwenye simu wakiwa Mokowe, gati yetu ya bara.

Pa pili ni Mkunazini, kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Hapa walimu wengi hukwepa, na ninaelewa kwa nini. Watoto wa Amu wakisimama kwenye vile vyumba vya chini, wapo ambao nasaba yao ni ya waliouzwa, na wapo ambao nasaba yao ni ya walionunua, na nyumbani hakuna aliyewahi kulisema waziwazi. Mashamba ya bara yetu yalilimwa na watumwa, na utumwa katika pwani ya Kenya ulikomeshwa kisheria 1907, miaka kumi baada ya Zanzibar. Mtoto mmoja akimtania mwenzake pale kwa neno la kejeli tulilozoea kulisikia mitaani, mwalimu atafanya nini, mbele ya mwongozaji na wageni? Jambo hilo litamalizwa darasani Amu, taratibu, kwa vipindi viwili au vitatu, na mwalimu mwenye kifua. Shule isiyo tayari kufanya hivyo iruke Mkunazini. Kwenda bila kusema kitu ni vibaya kuliko kutokwenda.

Kuhusu usalama nitapita haraka. Shule nyingi hutegemea WhatsApp kuwasiliana na wazazi, na baada ya uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa huko kwa siku kadhaa. Mwalimu awe na namba za kupiga simu ya kawaida, zimeandikwa kwenye karatasi, na kila mtoto awe nazo mfukoni. Kalenda ya siasa isomwe kama inavyosomwa ya bahari, ya huko na ya huku; anayepanga safari ya Agosti 2027, mwezi wa uchaguzi wetu, sijui anafikiri nini. Watoto wafundishwe kubadilisha pesa, shilingi moja ya Kenya kwa karibu 20 za Tanzania, ili wasitishwe na bei ya maji ya kunywa. Na jaketi la kuokolea: watoto wa visiwani huliona ni la wageni. Mwaka 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mwaka 2012 MV Skagit ikitoka Dar es Salaam. Waliokufa wengi walikuwa watu wa pwani, waliozaliwa na bahari kama sisi.

Yote haya yana athari moja ambayo najua walimu wakuu hawataipenda. Ikiwa matayarisho ndiyo safari, basi kuna tarehe ambayo safari iliyo nyuma sharti iahirishwe, hata pesa zikiwa zimekusanywa. Mimi ningeiweka miezi mitatu kabla ya kuondoka. Siku hiyo mwalimu afungue faili, na akikuta watoto sita kati ya 40 hawana cheti, asiwaandikie wazazi wa sita hao barua ya pole. Aisogeze safari mpaka likizo inayofuata, na katika muda huo ajitwike mwenyewe kazi ya kumfuata naibu wa chifu. Watasema hoteli imekwisha lipwa arubuni. Arubuni ya hoteli ni hasara ya mara moja. Mtoto aliyebaki ufukoni akiwatazama wenzake wakipanda boti ya Mokowe atakaa nayo miaka, muulizeni yule wa halua.

Na shule isiyoweza kungoja, inayotaka watoto watoke tu mwaka huu, ina Gede. Magofu yake yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia Julai 2024, yapo karibu na Malindi, njia ni ile ile ya basi la Mombasa, na mlangoni hawaulizi pasipoti wala kadi ya manjano. Wote 40 wataingia.